Pikipiki Inapogonga Mbele: Uliza Inagonga Lini

(Sehemu ya nne)

Wiki iliyopita tulimalizana na mnyororo na sproketi. Leo tunahamia mbele, kwenye lalamiko ambalo hakuna fundi wa pikipiki asiyelijua: "Fundi, inagonga mbele." Majibu ya haraka pale gereji ni kwamba shokapu zimekufa, lete hela ya seti. Dereva anajibana, ananunua, anafungiwa, na tuta la kwanza analoshuka jioni hiyo linamwonyesha kuwa kitu kinagonga vilevile. Hela ya marejesho ya wiki imeteketea na ugonjwa upo palepale.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja. Usifungue nati wala usinunue kifaa kabla hujajua pikipiki inagonga wakati gani hasa. Sikio pekee halitakufikisha, kwa sababu chuma husafirisha sauti. Kishindo kilichoanzia kwenye ekseli hupanda na bomba la shokapu hadi kwenye usukani, na dereva akaapa kuwa kimetokea chini ya spidomita. Lakini karibu kila kifaa kilicholegea kina wakati wake wa kugonga, na wakati huo haubadiliki.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani. Shokapu za mbele za Boxer, TVS HLX na karibu kila pikipiki ya bodaboda ni mabomba mawili yanayoingiana. BMW ya Ujerumani iliuweka mtindo huu, ukiwa na oili ya kutuliza mwendo, kwenye pikipiki zake za R12 na R17 mwaka 1935, na msingi wake ndio huohuo hadi leo. Bomba la ndani, lile linalong'aa, limebanwa juu kwenye vishikio viwili vya usukani. Bomba la nje limebeba gurudumu. Ndani kuna springi ndefu, oili, na mrija wenye vitundu uliofungwa kwa bolti kutokea chini kabisa. Gurudumu likipanda, oili hulazimika kupenya vitunduni kwa shida, kama hewa ya pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo kwa kidole. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili ndiyo inayozuia pikipiki isirukeruke. Kwenye mrija huo kuna springi nyingine, fupi, ambayo hupokea bomba linapofika mwisho wa kunyooka ili chuma kisikutane na chuma.

Sasa nenda mahali tambarare pasipo na magari. Endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, shika breki ya mbele taratibu, achia, shika tena. Ikigonga mara moja kila unaposhika na mara moja kila unapoachia, kuna kitu chenye nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Mshukiwa wa kwanza ni golori za usukani, na hapa ndipo ninapowaomba madereva na mafundi tukae kwa utulivu, kwa sababu golori zilizolegea huhukumiwa kama shokapu kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mwenzako aikandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Chuchumaa mbele yake, shika shokapu zote mbili chini karibu na ekseli, vuta kwako kisha sukuma. Mtu wa tatu aweke kidole pale kishikio cha chini kinapokutana na shingo ya fremu. Kidole hakidanganyi kama sikio. Kikihisi mchezo, golori zimelegea. Baada ya hapo uelekeze usukani mbele, kisha uzungushe polepole sana kushoto na kulia kwa vidole viwili. Unatakiwa uende laini bila kikwazo. Ukihisi unajishika katikati, kana kwamba unaingia kwenye kashimo na kugoma kutoka, koni, yaani vikombe zinamokaa golori, zimekwisha. Pikipiki hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikienda mbele moja kwa moja, kwa hiyo kila shimo la barabarani huzigonga golori zikiwa zimekaa mahali palepale, nazo huchimba vishimo kwenye koni. Zikiwa zimelegea huchimba haraka zaidi.

Koni zenye vishimo haziponi kwa kukazwa. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimeona usukani uliokazwa kwa tindo na nyundo mpaka kishindo kikanyamaza, dereva akalipa na kushukuru. Pikipiki ya namna hiyo hukataa kujinyoosha baada ya kona. Kwenye msongamano, ambako dereva anahitaji kusahihisha usukani kidogokidogo ili asianguke, huyumba kama ya mlevi. Abiria nyuma hajui lolote. Kukaza sahihi ni kuondoa mchezo wote, kisha kulegeza kidogo sana mpaka gurudumu lililoning'inia, likisukumwa kwa kidole kutoka katikati, lianguke lenyewe upande mmoja. Ukishakaza nati ya juu pima upya, maana nati hiyo hubana zaidi ulichokwisha kurekebisha.

Zikibadilishwa, zibadilishwe golori na koni zote, za juu na za chini, na zipakwe grisi bila uchoyo. Kuchanganya golori mpya na za zamani ni kujitafutia hasara. Zile zilizozidi nyingine hata kwa unene wa unywele ndizo zitakazobeba mzigo wote. Na anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha asielekeze maji kwenye shingo ya fremu, kwa sababu grisi hutoka na kutu huingia.

Kidole kikisema golori ni nzima na bado inagonga kwenye breki, angalia breki yenyewe. Nyingi za bodaboda zina breki ya shuu mbele. Sahani inayobeba shuu ina mfereji unaokaa kwenye jino lililotokeza kwenye bomba la nje la shokapu, na jino hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Mfereji ukilika, sahani hupiga jino kila breki inaposhika. Bana breki, tikisa pikipiki mbele na nyuma, utaiona ikicheza kwa macho. Hapa pana hatari kubwa kuliko kelele. Ukitoka kuziba pancha ya mbele, usiondoke kabla hujainama na kuhakikisha mfereji umekaa kwenye jino lake. Usipokaa, breki ya kwanza ya nguvu itaizungusha sahani, ikate waya na pengine kufunga gurudumu ghafla. Kuinama kunachukua sekunde chache. Fanya hivyo hata kama aliyeziba ni ndugu yako.

Kinachobaki kwenye breki ni ekseli isiyokazwa, beringi za gurudumu (shika tairi kushoto na kulia, ulitikise kwa ubavu), na mwisho kabisa mabomba ya shokapu yaliyolika yakapwaya. Baadhi ya pikipiki ndogo hazina bushi za kubadilisha, bomba hupita moja kwa moja ndani ya jingine. Kwa hizo, kulika maana yake ni kununua bomba. Hapo ndipo seti inapostahili hela yake.

Kuna pikipiki ambayo kwenye breki inakaa kimya, lakini gurudumu likitumbukia shimoni au likishuka tuta, inagonga. Hii ni habari nyingine. Gurudumu limening'inia, shokapu imenyooka mpaka mwisho kwa kasi kwa sababu oili ya kuichelewesha imepungua, na ile springi fupi imezidiwa au imevunjika. Tazama bomba linalong'aa: likiwa na pete ya oili iliyoshika vumbi, sili imepasuka na oili imekuwa ikivuja siku nyingi. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako wote, achia. Shokapu nzima hupanda mara moja ikatulia. Iliyokosa oili hurudi kwa kishindo na kuendelea kucheza.

Kubadilisha sili bila kupapasa bomba ni kazi ya bure. Pitisha ukucha juu ya chuma. Ukikwama kwenye kishimo cha kutu, kishimo hicho ndicho kilichoikata sili ya kwanza na kitaikata ya pili. Kidogo hulainishwa kwa msasa laini, kikubwa ni bomba jipya. Kama oili inavuja chini kabisa, kwenye bolti ya mrija, huenda bolti hiyo imelegea na mrija unacheza ndani. Mrija huo hugonga kila gurudumu linapopanda na linaposhuka.

Oili yenyewe iwe ya shokapu, mara nyingi namba 10W, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa hizi za cc 100 hadi 150 kwa kawaida ni chini ya robo lita kila mguu, na miguu yote miwili ilingane. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini imejaa chembe za chuma, na chembe hizo ndizo zitakazokula sili. Kujaza kupita kiasi nako kunaua. Hewa iliyo juu ya oili inahitaji nafasi ya kubanwa, ikikosa nafasi shokapu inakuwa ngumu kama rungu na sili inasukumwa nje.

Kishindo cha chini, pale pikipiki yenye mishikaki au magunia mawili ya mkaa inapokita kwenye shimo, hakina fumbo. Springi imechoka, oili haitoshi, au mzigo umezidi. Wosha zinazoongezwa juu ya springi huinua pua ya pikipiki, hazikazi springi.

Na kama pikipiki ina mwavuli, uvue kabla ya vipimo vyote hivi. Vishikio vya mwavuli, kioo cha upepo, honi, bolti za madigadi na kofia iliyoning'inizwa kwenye saitimira hugonga kila namna, bila utaratibu wa breki wala shimo. Kelele isiyo na wakati maalumu hutoka huko mara nyingi, na tiba yake ni spana namba 10.

Aliyefungiwa koni mpya arudi kwa fundi baada ya wiki moja ya kazi. Koni hujikalisha kwenye makao yake na mchezo kidogo hurudi, kwa hiyo kipimo cha kidole kirudiwe na nati ikazwe tena.

Wiki ijayo: shokapu za nyuma na bushi za mkono unaobeba gurudumu.