Taka za Viwandani Zianze Kupunguzwa Viwandani

Mto Rwizi huanzia katika vilima vya Buhweju, magharibi mwa Uganda. Hupita Mbarara, kisha hulisha maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, kabla maji yake hayajaelekea Ziwa Viktoria. Wakazi wa Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, huyanywa maji ya mto huo. Huko chini, wilayani Isingiro, wakimbizi wa makazi ya Nakivale husafishiwa maji ya Ziwa Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana zaidi ya watu laki moja, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda.

Kwa hiyo, taka za viwanda vya Mbarara si jambo la wenye viwanda peke yao. Zinamhusu pia mama anayeteka maji Nakivale, ambaye hajapata kukiona kiwanda hata kimoja.

Hapana shaka kwamba viwanda hivyo ni neema. Viwanda vya maziwa huwapatia wafugaji soko, na kiwanda cha bia kilichofunguliwa mwaka 2013 kimeongeza ajira. Lakini kila kiwanda kina milango miwili: wa mbele hutoa bidhaa, na wa nyuma hutoa taka. Mara nyingi hesabu hufanywa kwenye mlango wa mbele tu.

Tuchukue mfano wa jibini. Kutengeneza kilo moja huhitaji lita 10 hivi za maziwa, na karibu lita 9 hubaki zikiwa maji ya jibini. Maji hayo si sumu. Yana sukari ya maziwa na protini. Lakini yakimwagwa mtoni, vijidudu huila sukari hiyo, na katika kuila humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi, maji hunuka, na kazi ya kuyasafisha huwa ngumu na ya gharama kubwa. Kilichokuwa chakula hugeuka balaa kwa kuwekwa mahali pasipo pake.

Dawa ya jambo hili ina hatua tatu. Ya kwanza ni kupunguza: kuziba mabomba yanayovuja, kukusanya mabaki ya maziwa kabla ya kuosha mapipa, na kuyatumia maji ya suuza ya mwisho katika suuza ya kwanza ya zamu inayofuata. Ya pili ni kutenganisha, maana maji ya jibini yakishachanganyika na sabuni na dawa za kuoshea hayamfai mtu tena. Ya tatu ni kutumia. Maji ya jibini hukaushwa yakawa unga, au hunyweshwa nguruwe. Machicha ya bia, ambayo hufikia kilo 20 hivi kwa kila lita 100 za bia, ni chakula kizuri cha ng'ombe. Kinachosalia kinaweza kuozeshwa katika mitambo ya gesi, na gesi hiyo ikachemsha maji ya kiwanda chenyewe.

Somo hili haliishii kwenye viwanda vikubwa. Isingiro ni nchi ya ndizi, na katika makazi ya Nakivale na Oruchinga watu wengi hupikia kuni na makaa. Maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi, yakikaushwa, yakachomwa na kufinyangwa, hutoa makaa yanayoweza kuokoa miti mingi.

Wapo watakaosema kwamba mitambo hiyo ni ghali. Ni kweli, haipatikani bure. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama anayoikwepa mwenye kiwanda haipotei. Huhamia kwa mvuvi, kwa mkulima na kwa mkimbizi asiye na pa kupeleka ankara yake. Ndiyo maana Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inashikilia kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe.

Sheria pekee haitoshi. Wakaguzi wafike viwandani bila kutangaza safari zao, wenye viwanda wapime kinachotoka mlango wa nyuma kama wanavyopima kinachotoka mlango wa mbele, na matokeo ya vipimo wasomewe wanaokunywa maji hayo. Mto haujui mpaka baina ya mwenyeji na mgeni. Wote huwapelekea kile ulichopewa.