Je, Wajua? Ngitili Zilizorudisha Miti Shinyanga
Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya nchi kame inayouzunguka mji wa Shinyanga ilikuwa na misitu kabla ya kufyekwa katika karne ya 20 ili kutokomeza mbung'o, yaani nzi waenezao malale, na kupisha mashamba ya pamba? Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanzishwa mwaka 1986, ulianza na vitalu vya miche, lakini busara yake kubwa ilikuwa kufufua ngitili, ambazo ni malisho yanayofungwa na Wasukuma mvua zinapoanza, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Visiki vilivyopumzishwa vilichipua vyenyewe.