MIMEA ISIYOONEKANA YA BAHARI YA BARAFU

Msomaji mpendwa, tia yai la kuku katika bilauri ya siki, uliache humo mpaka kesho. Utaona mapovu yakipanda, na siku ya pili gamba limekwisha, imebaki ngozi laini tu. Ndiyo kazi ya uchachu: hula chokaa. Lakini chupa yenyewe ya siki haidhuriki hata ikikaa mwaka mzima, maana kioo si chokaa. Shika sana neno hilo la kioo, tutalirudia.

Uchachu waingiaje baharini?

Watu wachomapo makaa ya mawe na mafuta ya petroli katika viwanda, magari na meli, hutoka hewa ya ukaa. Ndiyo hewa ile ile iliyomo katika soda, inayouma ulimi. Karibu robo ya hewa hiyo itokayo kwa kazi za watu hunywewa na bahari, na ikichanganyika na maji huleta uchachu. Usidhani kwamba bahari imekuwa kama limau. La! Bado ina tabia ya magadi kidogo. Katika kipimo cha wataalamu maji safi huwa 7. Bahari ilikuwa 8.2 kabla ya viwanda kuenea, na sasa ni kama 8.1. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyopangwa, maana yake uchachu umezidi kwa sehemu 30 katika 100 hivi.

Nawe wajua kwamba soda ya baridi hushika hewa yake, na soda iliyopata joto huitoa upesi. Ndivyo ilivyo bahari. Maji ya baridi hunywa hewa zaidi. Kwa hiyo bahari inayoizunguka Antaktika, nchi ya barafu kusini kabisa mwa dunia, imechukua karibu sehemu 40 katika 100 za hewa yote ya ukaa ya watu iliyoingia baharini.

Shamba la huko kusini

Katika maji hayo huishi mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho matupu. Wataalamu huiita fitoplanktoni. Mimea ya namna hii katika bahari zote hufanya karibu nusu ya oksijeni inayotolewa na mimea ya dunia kila mwaka. Huko kusini mikubwa wao ni diatomu, na kila mmoja hujijengea nyumba ya kioo. Diatomu huliwa na krili, jamii ya kamba wadogo. Krili huliwa na pengwini, sili na nyangumi. Basi mnyama mkubwa kuliko wote duniani anategemea jani asiloliona.

Tena nyumba ile ya kioo ni nzito. Diatomu akifa huzama, akaichukua hewa ya ukaa aliyoila mpaka vilindini, isiturudie upesi.

Je, kwa kuwa siki haili kioo, diatomu wako salama? Wataalamu katika kituo cha Davis, kituo cha Australia huko Antaktika, walijaza maji ya bahari katika matangi 6, kila tangi lita 650, wakazidisha hewa ya ukaa kwa viwango mbalimbali. Mwaka 2019 walitangaza waliyoyaona. Kioo hakikuliwa, ila diatomu walishindwa kukijenga vema. Aina kadhaa zilijenga kioo kidogo zaidi kwa kiasi cha hewa kinachotazamiwa kufikia mwaka 2100. Mwenye nyumba nyepesi huzama polepole, na mzigo wake huenda usifike chini.

Labda utauliza: hewa ya ukaa si chakula cha mimea? Naam, na baadhi ya mimea midogo zaidi hustawi nayo. Lakini mkulima ajua kwamba shamba laweza kuwa kijani kibichi kwa magugu, na ghala likawa tupu. Krili hutaka diatomu wakubwa. Vile vidogo sana humponyoka.

Yatuhusu nini?

Moshi wa mafiga yako sio uliofanya hayo. Sehemu kubwa imetoka katika nchi za viwanda. Lakini hewa haina mpaka. Bahari ikichukua kidogo, hewa ya ukaa hubaki juu, na joto huongezeka kwa wote. Marehemu Papa Fransisko alilitaja jambo hili la uchachu wa bahari katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, akitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote.

Basi, ndugu msomaji, jioni hii wafanyie watoto jaribio la yai. Kisha waeleze habari za nyumba za kioo. Huenda kesho mmoja wao atashika kazi ya kiwanda au ya serikali, na itakuwa vema akumbuke kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mambo makubwa juu ya vitu vidogo.