Mji wa Gebali na Herufi Tuzisomazo

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kulikuta jina la Wagebali katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, wakitengeneza miti na mawe ya nyumba ya Sulemani. Mji wao ungaliko katika pwani ya Lebanoni, kilometa 40 hivi kaskazini ya Beirut. Wenyeji wauita Jubayl. Wayunani waliuita Byblos.

Mgeni aingiaye katika magofu yake huona jinsi kila taifa lilivyojenga juu ya kazi ya waliotangulia. Chini kabisa imo misingi ya nyumba za wavuvi walioishi hapo zaidi ya miaka 7000 iliyopita. Juu yake walijenga Wakanaani, waliowauzia Wamisri mierezi ya milimani. Baadaye wakatawala Waajemi, kisha Wayunani, kisha Warumi. Katika karne ya 12 askari wa Msalaba kutoka Ulaya walijenga ngome, nao wakayatumia mawe ya Warumi kuinua kuta zao.

Lakini hazina kubwa ya mji huo si kuta. Mwaka 1922 ardhi iliporomoka karibu na bahari, na kaburi la kifalme likafunuka. Uchimbaji ulipoendelea, likapatikana jeneza la jiwe la mfalme Ahiramu, ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Beirut. Juu yake yamechongwa maneno ya kumwonya mtu yeyote atakayelifungua, na maneno hayo yameandikwa kwa herufi za Wafoinike.

Herufi hizo zilikuwa 22 tu. Maandishi ya Wamisri yalikuwa na alama mamia, na aliyetaka kuyajua alijifunza kwa miaka mingi; bali herufi 22 hata mfanya biashara aliweza kuzishika. Wayunani walizipokea wakaongeza irabu, na Warumi wakajifunza kwa njia yao. Kwa njia ya Waaramu zilizaa pia herufi za Kiarabu, ambazo washairi wa Lamu na Mombasa walizitumia kuandika tenzi zao.

Basi karani aandikapo barua, na mkulima aandikapo hesabu ya magunia yake, wote wawili hutumia urithi wa watu wale. Falme zilizoutawala mji wa Gebali zimekwisha kupita, lakini herufi zile zingali zikifundishwa watoto shuleni.