Ini la Mzee: Swali kwa Mchungaji

Mchungaji wa Terrat, pembezoni mwa jiji la Arusha, aweza siku moja kuitwa katika kikao cha ukoo. Kijana ameambiwa na madaktari kwamba ini lake limeharibika kwa homa ya ini aina ya B, ndugu wanachanga fedha apelekwe India akapandikizwe jingine, na babu mwenye miaka 72 amesimama akasema, "Chukueni langu." Je, ini la mzee lafaa?

Lafaa, lakini si kwa njia anayoikusudia babu.

Thomas Starzl alipojaribu upasuaji huu kwa mara ya kwanza huko Denver mwaka 1963, mgonjwa alifariki; mafanikio yalianza mwaka 1967. Kwa miaka mingi madaktari waliyaogopa maini ya watu waliozidi miaka 50. Leo Italia na Hispania hupokea hata ya marehemu waliozidi miaka 80. Sababu ni kwamba ini halizeeki kama figo. Seli zake hufa na kuzaliwa upya daima: watafiti wa Dresden walionyesha mwaka 2022 kwamba, kwa wastani, seli za ini hazifikishi miaka mitatu, hata katika mwili wa mzee. Sharti ini hilo lisiwe na mafuta mengi, wala lisikae muda mrefu katika baridi kabla ya kupandikizwa.

Hayo yote yahusu marehemu, ambaye ini lake huchukuliwa zima. Nchini India maini mengi hutolewa na ndugu walio hai. Huko hukatwa sehemu tu, pengine zaidi ya nusu, na vipande vyote viwili havina budi kukua upya haraka. Uwezo huo ndio unaopungua uzeeni, na hatari ya upasuaji kwa mtoaji huongezeka. Kwa hiyo hospitali nyingi huweka kikomo cha mtoaji aliye hai kati ya miaka 50 na 60.

Babu akikataliwa, macho ya kikao humgeukia binti au kijana mwenye afya. Hapo ndipo ninapoona kazi ngumu ya mchungaji. Neno la mzee ni zito, na Amri ya Nne hutajwa upesi kuliko inavyofafanuliwa. Watoaji wachache wenye afya njema wamekufa kwa upasuaji huu. Sheria ya India ya mwaka 1994 hutaka ridhaa ya hiari. Lakini ridhaa hupatikana au hupotea nyumbani, kabla ya safari. Mchungaji na aombe kuzungumza na mteuliwa faraghani, wazee wakiwa nje. Ajue pia kwamba madaktari wengi hukubali kuuambia ukoo kwamba mtu huyo "hafai kitabibu" tu, pasipo kumtaja kuwa aliogopa.

Naye babu aelezwe wazi kwamba ini lake halikudharauliwa. Lingekuwa la marehemu huko Hispania, huenda lingepokelewa.