Ushupavu wa Plastiki Mbele ya Ufa

Mtu akishindwa kurarua pakiti ya plastiki kwa vidole, huichana kidogo ukingoni kwa meno, na mara pakiti hupasuka bila ubishi. Plastiki ni ile ile; kilichoongezeka ni ufa. Mkazo uliokuwa umetandaa kote sasa hukusanyika kwenye ncha ya ufa huo.

Katika makala yaliyochapishwa mwaka 1921, mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyefanya majaribio kwa kioo, alieleza kwamba ufa huhitaji nishati ili kufungua nyuso mpya. Huanza kukimbia pale kitu kilichokazwa kinapoweza kuutolea nishati hiyo. Miaka ya 1950 Mmarekani George Irwin aliigeuza hoja hiyo kuwa kipimo cha maabara.

Kupima plastiki, basi, ni kuitia ufa kwa makusudi. Kipande mfano wa rula fupi hukatwa mfuo kwa msumeno, kisha wembe mpya hugongwa taratibu ndani ya mfuo huo. Kwa plastiki laini, wembe huburutwa. Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Mfuo wa msumeno pekee ni butu: hutawanya mkazo, na plastiki dhaifu ikapata sifa isiyostahili. Halafu kipande hulazwa juu ya viegemeo viwili na kukandamizwa katikati, kwa kawaida kwa mwendo wa milimita 10 kwa dakika katika joto la nyuzi 23 za Sentigredi, hadi kivunjike.

Mzigo uliokivunja, urefu wa ufa na vipimo vya kipande ndivyo hutoa jibu. Perspex hupata takribani 1, kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha meta. Polikaboneti takribani 2. Vyuma vingi vya ujenzi hupita 50. Sharti kipande kiwe kinene vya kutosha, kwani chembamba hunyumbuka kwenye ncha ya ufa nacho hudanganya.

Poliethilini ya mabomba ya maji na gesi ina hila yake. Bomba lililofukiwa huweza kustahimili mzigo wake leo, huku ufa ukitambaa ndani yake kwa miaka. Kwa hiyo kipande kilichochanjwa kwa wembe huvutwa katika hewa ya nyuzi 80, kwa mkazo wa megapaskali 2.4 tu, na mpimaji huhesabu saa mpaka kikatike.