Shambulio lisilomaliza pambano si la bure

Mashabiki wengi wa michezo ya kupigana wana kipimo kimoja tu cha ushujaa: pigo lililomwangusha mtu, au kabali iliyomfanya asalimu amri. Shambulio lolote lisilofika mwisho huo huhesabiwa kuwa ni woga, udhaifu au upotezaji wa wakati. Mimi nashikilia kwamba kipimo hicho kinapotosha, na sijui mchezo unaolidhihirisha jambo hili kuliko jujitsu ya Kibrazili.

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu, mizizi ya mchezo huu ni ya Kijapani. Mitsuyo Maeda, bingwa wa judo, aliwasili Brazili mwaka 1914. Miongoni mwa waliofunzwa naye mjini Belém alikuwa kijana Carlos Gracie ambaye, pamoja na nduguze, hasa Hélio, aliuendeleza ujuzi huo mjini Rio de Janeiro. Katika mashindano yake ya kawaida hamna ngumi wala mateke. Wapinzani hushikana, huangushana, kisha huwania nafasi wakiwa chini mkekani, hadi mmoja wao akabwe koo au kiungo chake kipindwe, naye agonge kwa kiganja kuashiria kwamba amesalimu amri.

Sasa mfikirie mchezaji aliyelala chali, na mpinzani wake amepiga magoti katikati ya miguu yake. Atajuaje la kufanya? Nia ya mwenziwe haioni. Hana budi kuuliza, na katika mchezo huu swali haliulizwi kwa ulimi bali kwa mikono na nyonga. Basi huinuka ghafla na kumsukuma mwenziwe kwa nyonga, kana kwamba ataka kumpindua. Hapo mpinzani atajibu, apende asipende. Akiweka kiganja chini ili asianguke, mkono huo umejitoa mhanga: utashikwa kifundoni na kukunjwa kuelekea mgongoni hadi bega lilie. Akijikaza na kusukuma mbele kwa kichwa, shingo yake imejileta yenyewe kwenye kabali. Asipofanya lolote kati ya hayo, basi lile jaribio la kwanza linatimia: anapinduliwa, na aliyekuwa chini anakuwa juu.

Tazama basi. Msukumo ule wa awali waweza kushindwa kabisa kumpindua mtu, na bado ukawa ndio uliolifungua pambano. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hata mabingwa wanaosifiwa kwa usahili wa mbinu zao hawakwepi kanuni hii. Roger Gracie, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara kadhaa, alijulikana kwa kumkalia mpinzani kifuani na kumkaba kwa ukosi wa vazi lake mwenyewe, mbinu ambayo hufundishwa wanagenzi. Kila aliyepambana naye aliijua. Lakini mkono wa kwanza unapozama kwenye ukosi, aliyekaliwa yumo mashakani. Akiinua mikono kuilinda shingo, kiwiko huachana na ubavu, na mkono huweza kunyoshwa na kupindwa. Akiibana mikono kifuani, shingo hubaki wazi. Usahili huo umejengwa juu ya swali lisilokuwa na jibu jema.

Mfano mwingine ni wa tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, katika shindano la kwanza la UFC, ambalo liliruhusu ngumi na mateke. Royce Gracie, mwana wa Hélio, alikutana na bondia Art Jimmerson, aliyeingia ulingoni na glavu mkono mmoja tu. Royce hakumrukia. Alianza kwa kurusha mateke ya mbali kuelekea miguuni, mateke ambayo hayakukusudiwa kummaliza mtu. Kazi yake ilikuwa kupima umbali na kuishughulisha akili ya bondia. Alipoipata nafasi aliinama, akamkumba miguu, akamwangusha na kumkalia. Jimmerson akasalimu amri pambano likiwa na dakika mbili na ushei. Usiku huo huo Royce aliwashinda wengine wawili na kutwaa taji.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila purukushani ni upelelezi. Shambulio la kupima lina masharti, na la kwanza ni kwamba sharti liwe la kweli. Mpinzani mwenye uzoefu hatishwi na kivuli. Ukimgusa ukosi bila nia ya kumkaba, atakutazama tu, nawe hutajifunza lolote. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu zimelizingatia jambo hilo. Kumpindua mpinzani kunaleta pointi 2, kuivuka miguu yake 3, kumkalia kifuani 4. Jaribio la kumkaba au kumpinda kiungo lisilokamilika halina pointi, lakini mwamuzi aweza kulipa alama ya ziada iwapo lilimtia mpinzani hatarini kwelikweli. Anayejifanya kushambulia hapewi kitu.

Sharti la pili ni kujiachia njia ya kurudi. Anayeutupa uzito wake wote katika jaribio moja hakuuliza swali, amecheza kamari.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linahusu mifupa ya watu. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio, Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, aliyemzidi sana kwa uzito. Kimura aliukunja mkono wa Hélio kwa mshiko ule ule niliouelezea hapo juu. Hélio alikataa kusalimu amri, mkono ukavunjika, na ni Carlos, nduguye, aliyerusha taulo kulikomesha pambano. Mshiko huo unaitwa Kimura hadi leo. Wapo wanaousimulia mkasa huo kama kilele cha ushujaa. Mimi nauona kama onyo. Pale jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, ila hapakuwa na aliyekuwa tayari kulisikia. Katika chumba cha mazoezi, ambako mwenzako si adui bali ni mwalimu wako wa kesho, shinikizo huongezwa taratibu ili apate fursa ya kujibu, na agongapo huachiliwa papo hapo. Anayeuliza kwa nguvu za kuvunja atabaki bila wa kumwuliza.

Yuko atakayepinga kwamba kila swali humfichua muulizaji. Ni kweli, wala sina haja ya kulikanusha. Ukiushika ukosi wangu mara tatu kwa mkono uleule, nami nimekusoma, na mara ya nne nitakutegea. Mjuzi huweza hata kutoa jibu la uongo, akaunyosha mkono kwa makusudi ili uufuate na kuiacha nafasi yako. Lakini dawa ya hatari hiyo si kunyamaza. Aliyejikunyata bila kushambulia naye amekwisha kujifichua: amemjulisha mwenziwe kwamba hana neno. Dawa ni kubadilisha maswali, na kulipima jibu la kwanza kwa swali la pili.

Hapa ndipo ninapowageukia wakufunzi. Mwanafunzi anayeogopa kushambulia mazoezini, asije akaipoteza nafasi yake mbele ya wenzake, huenda akapita miezi mingi bila kushindwa na bila kujua chochote. Mwenziwe anayejaribu mara kumi na kuzuiwa mara tisa hutoka mkekani akijua milango tisa iliyofungwa na mmoja ulio wazi. Kupotea njia ndiko kujua njia. Mkufunzi anayewasifu washindi pekee huwafunza vijana kuyaficha wasiyoyajua, na siku ya mashindano hapana pa kuyaficha. Afadhali amwulize kila mmoja baada ya zoezi: leo ulimjaribu mwenzako kwa lipi, naye alikujibuje? Asiye na jibu ndiye aliyepoteza wakati, hata kama hakushindwa.